Jina la Boadu Kifuani mwa Marehemu

Wapiga picha za misiba hapa Kumasi hawana wikiendi. Kaka yangu Boadu ni mmoja wao, na mimi humsaidia kupanga picha. Jumatatu ile tuliamka hoi, tumetoka misiba mitatu, macho mekundu kama nguo wanazovaa wafiwa wa huku kwetu.

Kazi ya Jumatatu ni kuweka jina lake juu ya kila picha kwa herufi hafifu, ili watu wasiziibe mtandaoni. Kompyuta huzipitia zote kwa mpigo. Ila picha za marehemu akiwa amelazwa hutolewa kwanza. Boadu mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba jina la aliye hai halilazwi juu ya maiti. Siku ile akasahau, akabonyeza. Mimi niliona. Nilichoka hata kusema, na hilo sitajisamehe.

Mchana akaja Maame Serwaa, dada wa marehemu Konadu, tuliyemzika Jumamosi. Picha alishatumiwa. Hakugomba. Alikaa, akatuonyesha simu yake.

"Boadu mwanangu, umemlaza dada yangu na jina lako kifuani."

"Nisamehe, Maame. Nalifuta sasa hivi."

"Utalifuta kwenye picha," alisema kwa sauti ya chini. "Yeye keshaondoka nalo."

Boadu alicheka kidogo, akalifuta. Picha ya Konadu ikawa safi. Tukafungua picha za harusi ya mwaka jana. Safi. Za ubatizo wa mwanangu. Safi. Kila picha aliyowahi kupiga ilikuwa haina jina. Hatukuwa tumezigusa.

Nilimwita tuzime mashine twende tukale.

"Boadu."

Hakugeuka.

"Kaka Boadu."

Aligeuka polepole. Uso wake haukuwa na mzaha.

"Unamwita nani?"

Nikatoa simu yangu, nikampiga picha ili nimwonyeshe kuwa ni yeye, kaka yangu, mtoto wa mama yangu. Simu ile haina programu yoyote ya kuandika juu ya picha. Lakini kifuani mwake zilikuwepo herufi hafifu: Konadu.

Nimeifuta picha ile, nikampiga nyingine, na nyingine. Herufi zipo. Wiki ya tatu sasa. Jina lake nimelirudia hadi koo limekauka, na yeye ananitazama tu kama mgeni. Jana, kwa kuchoka, niliita lile lingine.

Akaitika.