Darubini ya Fundi Saa

Jua lilikuwa linazama nilipopanda juu ya jengo letu kuanua sare za wauguzi. Kazi yangu ni kufua na kupiga pasi nguo za hospitali, na kamba zangu ziko huko juu, kwenye sakafu tupu ya zege. Baba alikuwepo, ameketi kwenye kigoda, jicho kwenye darubini.

Darubini ile aliletewa na kaka yangu, dereva wa malori, baada ya mama kufariki. Ndogo tu, ya mtu anayejifunza: bomba jeupe na miguu mitatu. Baba alikuwa fundi saa. Akasema maisha yake yote ametazama vitu vya karibu mno, acha sasa aone vya mbali. Siku za mwanzo alinionyesha mwezi, umejaa makovu kama uso wa mtu aliyeugua ndui, na nikamsikia akicheka kidogo. Nilidhani huzuni imeanza kumpa nafasi.

Kisha akaacha nyota. Akaielekeza darubini kwenye kilima cha ng'ambo ya bonde, na kila jioni ikawa ni huko huko.

Jioni ile hakuitikia salamu yangu. Nikamuuliza anatazama nini. Akaniachia kigoda.

Kila kitu kilikuwa kichwa chini. Hilo halikunishtua; alishanieleza kwamba darubini ya nyota hupindua picha, na kile kipande cha kuinyoosha alikichomoa kwa sababu kinakula mwanga. Kwa hiyo miti ilining'inia. Mbuzi walikwenda miguu juu. Njia ya vumbi ilipita juu kabisa, kama ufa kwenye dari.

Na chini ya njia ile palikuwa na mwanamke.

Amesimama wima.

Kichwa juu, miguu chini... peke yake katika dunia nzima iliyopinduka. Nyayo zake hazikugusa njia. Zilikanyaga anga.

Nikainua uso, nikatazama kwa macho matupu. Kilima kilikuwa kitupu. Nikarudi kwenye kioo. Alikuwepo. Gauni la kahawia, kitambaa kichwani, bega moja limeshuka. Akaanza kuja upande wetu, akichechemea.

"Ni mama," nikanong'ona.

Nikatazama tena, safari hii miguuni. Mama alivunjika nyonga ya kushoto nikiwa mtoto, akawa anauburuta mguu huo mpaka kufa kwake. Huyu aliburuta wa kulia. Nilipomwambia baba, aliniangalia kwa macho ya mtu aliyechoka.

"Najua si yeye, mwanangu," akasema. "Nimelijua hilo tangu siku ya kwanza. Lakini yeye mwenyewe harudi. Huyu anakuja."

Usiku huo niliifungia darubini kabatini, ufunguo nikauvaa shingoni. Baba hakugombana nami. Nikampigia kaka. Akatania kwamba mzee ameanza kuota macho wazi, kisha akaniambia nisimwache peke yake.

Sikumwacha. Nilihamishia pasi sebuleni, nikawa namchunga kama maziwa jikoni. Lakini harufu ya udongo uliolowa ilianza kupanda kwenye ngazi zetu, na ilikuwa kiangazi. Kila siku ilisogea gorofa moja. Baba naye akaanza kunyoa ndevu jioni. Akavaa koti alilovaa kwenye harusi ya kaka, akawa anakaa kuuelekea mlango. Nikamuuliza, kwa kumwonea huruma, kama anataka darubini yake.

"Ya nini tena?" akasema. "Kitu kikishakuwa karibu, darubini haikioni."

Ilikuwa magharibi, nakunja shuka, niliposikia ngazi.

Hatua moja nzito.

Kisha kitu kinaburutwa...

Hatua. Mburuto. Hatua. Mburuto.

Ikakoma mlangoni petu. Harufu ikajaa chumba kizima. Hakuna aliyebisha hodi. Baba alisimama, akajifunga vifungo vya koti. Nikamshika mkono, nikamsihi tusifungue, tuwaite majirani, tusali kwanza. Akavibandua vidole vyangu kimoja kimoja, taratibu, kama alivyokuwa akitoa magurudumu madogo ndani ya saa.

"Ingia chumbani ufunge. Usichungulie. Hakukujia wewe."

"Nitabaki na nani, baba?"

Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili.

Niliingia. Nikasikia komeo likivutwa, kiti kikisogezwa. Kisha sauti ya baba, ya chini, akisimulia mambo madogo madogo: paa linavuja, kaka kanenepa, mimi napiga pasi mpaka mgongo unauma. Alinyamaza hapa na pale, kama mtu anayejibiwa, ingawa sikusikia jibu lolote. Halafu akacheka. Kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama alipoanza kuugua. Sikukimbia. Niliegemeza paji la uso mlangoni, nikasikiliza kama mtoto anayesikiliza wazazi wake wakizungumza gizani. Usingizi ukanichukulia hapo hapo.

Alfajiri nilimkuta kwenye kiti chake, koti limefungwa vizuri, mwili wa baridi. Mbele yake palikuwa na kiti kingine, kimesogezwa karibu, goti kwa goti. Daktari alisema ni moyo. Kaka akaja, tukamzika kando ya mama.

Baada ya mazishi alikuja kunipa pole jirani wa gorofa ya chini, mlinzi anayerudi kutoka kazini alfajiri. Akaulizia hali ya yule ndugu yetu wa kike. Nikamuuliza yupi. Akasema alfajiri ile baba alipofariki alipishana naye ngazini akitoka kwetu, kajifunga kitambaa kichwani. Alimsalimia, hakuitikia, maana alikuwa analia, tena kilio cha kushika ukuta. Mlinzi aliinama kuokota tochi yake iliyoanguka. Alipoinuka, ngazi zilikuwa tupu.

"Lakini kilio, dada," akasema, "kilikuwa bado kinasikika."

Nikamwambia ni ndugu wa mbali. Nikafunga mlango, nikakaa sakafuni. Siku tunamzika baba niliamini hakuna aliyemlilia kuliko mimi.

Sasa sina hakika.