Mshauri Hamshauri Mumewe

Nasimiyu alikuwa msusi katika mtaa wa Waithaka, pembezoni mwa jiji. Mikono yake ilikuwa hodari, na masikio yake pia. Wanawake walioketi kusukwa walimweleza mambo ya nyumbani kwao. Huyu mume wake analewa. Yule kijana wake anavuta bangi. Nasimiyu alisuka, akasikiliza, akanyamaza. Hakusema kwamba kidonda hicho hicho kilikuwa nyumbani kwake.

Mume wake, Were, baba wa mtoto wao Clifford, alikuwa fundi wa vigae. Alifanya kazi Kilimani, kwenye majengo marefu ya kupangisha. Asipolewa, Were alikuwa mtu wa kupendwa sana. Aliimba akiosha vyombo, na majirani walichelewa kazini wakisikiliza vichekesho vyake. Lakini pombe ilikuwa imemshika. Alikunywa kila siku, wikendi zaidi, na kila Jumatatu alishindwa kuamka.

Nasimiyu alimpenda, kwa hiyo alimfichia aibu. Alimpigia simu Waweru, msimamizi wa kazi, akamwambia Were ana malaria. Jumatatu iliyofuata, malaria. Jumatatu nyingine, malaria tena. Na baridi ile ya Waithaka, mbu wa malaria wangetoka wapi?

Siku moja mteja alimwambia habari za chuo kimoja katikati ya jiji. Chuo hicho kilifundisha kazi ya kuwasaidia watu walioshikwa na pombe na dawa za kulevya. Nasimiyu alishangaa. Hakujua kwamba hiyo ni kazi ya kusomewa, yenye masomo, mazoezi na cheti. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akaenda kuuliza. Kwanza alihakikisha kwamba chuo kimesajiliwa na serikali, maana mjini wajanja ni wengi. Kisha akajiandikisha.

Waliomwuliza aliwaambia anatafuta kazi mpya. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ilikuwa Were. Nasimiyu alitaka kumponya mume wake yeye mwenyewe.

Basi alichojifunza mchana, jioni alikijaribu nyumbani. Alivuta kiti, akaketi mbele ya Were, akainamisha kichwa kidogo kama walivyoonyeshwa darasani. Akamwuliza anahisi nini anapokunywa. Were akajibu kwamba kwa sasa anahisi njaa, na ugali uko wapi. Jioni nyingine alimwuliza ni jambo gani lililomtisha zaidi utotoni. Were alifikiri sana, akasema ni jogoo wa nyanya yake. Nasimiyu alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu machozi yakakataa kukoma. Were naye akatoka kwenda kunywa.

"Nyumba yangu sasa iko na daktari," Were aliwaambia majirani. "Lakini bibi yangu sijui alienda wapi."

Majirani walicheka. Nasimiyu hakucheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Jumatatu moja, wakati wa mapumziko, alisimama nje ya darasa akimpigia Waweru ile simu yake ya malaria. Mwalimu Hannah alikuwa akipita. Alikuwa mama mpole mwenye sauti ya taratibu, aliyefanya kazi ya ushauri kwa miaka mingi. Alingoja simu iishe, akamkaribisha chai.

"Nani ako na malaria?" aliuliza.

Nasimiyu alitaka kudanganya, ulimi ukakataa. Akaeleza yote. Hannah hakumkemea hata kidogo.

"Kinyozi hajinyoi, Nasimiyu," alisema. "Huwezi kuwa mshauri wa Were. Akikuangalia anaona bibi yake. Yale mambo anaonea aibu, atakuambiaje?"

"Sasa, madam, nimwache tu aangamie?"

"Hapana. Wacha mtu mwingine amtibu. Wewe kuwa bibi yake. Na hiyo simu ya malaria, achana nayo. Pombe inamwangusha, na wewe kila mara unamtandikia godoro. Atajuaje ameanguka?"

Kisha Hannah akamweleza mambo mengine. Ulevi ni ugonjwa, si tabia mbaya tu, na unatibika. Lakini mtu anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili unaweza kutetemeka, akapata kifafa, hata akafa. Lazima daktari amwone kwanza. Baada ya hapo ndipo mshauri anapoanza kazi yake.

Jumatatu iliyofuata Were alijifunika blanketi, mikono ikimtetemeka.

"Mama Clifford," aliita, "si upigie Waweru."

Nasimiyu aliweka simu kitandani, kando yake. Huenda Were angepoteza kazi. Huenda angekasirika, aende kilabuni asirudi.

"Baba Clifford, nakupenda sana," alisema. "Lakini leo sidanganyi mtu. Piga wewe mwenyewe. Na ukitaka usaidizi, kuna mshauri anaitwa Kibe. Mimi si daktari wako tena. Mimi ni bibi yako."

Akatoka, akaketi mlangoni. Alikaa hapo muda mrefu. Mwishowe akasikia sauti ya Were, ndogo kama ya mtoto.

"Waweru, ni mimi. Sina malaria. Ni pombe. Inanimaliza."

Simu yenyewe ilikuwa na sauti kubwa, kwa hiyo jibu la Waweru lilifika mpaka mlangoni. "Najua, fundi. Huku wote tunajua. Enda utibiwe kwanza, alafu urudi kazi."

Siku hiyo hiyo walikwenda hospitali. Daktari alimlaza Were na kumpa dawa mpaka mwili ukatulia. Kisha Were akaanza kumwona Kibe. Waliyoongea huko Nasimiyu hayajui mpaka leo, wala hajauliza. Alijifunza chuoni kwamba siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa.

Haikuwa rahisi. Krismasi ilipofika Were aliteleza, akanywa. Nasimiyu aliumia, lakini alijua kwamba kuteleza si mwisho wa safari. Were alirudi kwa Kibe mwenyewe, bila kusukumwa. Leo anaweka vigae Jumatatu kama siku nyingine.

Nasimiyu alimaliza masomo, akafanya mazoezi yake kwenye kituo kimoja cha tiba ya ulevi, mtaa wa Mountain View, na wakamwajiri hapo hapo. Juzi alikuja mama mmoja, Wamucii, amemshika mume wake mkono wa shati. Kila swali aliloulizwa mume, Wamucii alilijibu. Nasimiyu alimsikiliza, kisha akamsimulia habari za Were, kwa sababu Were mwenyewe alikuwa amemruhusu.

Wamucii aliuliza kwa sauti ya chini, "Na huyo wako, madam, ulimfanyia nini akapona?"

"Nilimwachia mtu mwingine amtibu," Nasimiyu alisema. "Mimi nikabaki kumpenda. Hiyo kazi pekee ilinitosha."

Akafungua mlango wa chumba cha ushauri. Wamucii aliachilia lile shati taratibu, akabaki kwenye benchi nje. Mume wake akaingia, akaketi, akaanza kujieleza mwenyewe.