Mafaili Yasiyofungwa

Jumatatu asubuhi, katika ofisi yao ndogo ya Iyunga, Bupe alimwita mama yake, Lusia. Mdomo ukacheza, sauti haikutoka.

Lusia alidhani ni mafua ya baridi. Ila koo la mtoto halikuwa limevimba, na kompyuta ilinuka maziwa yaliyochacha.

Yeye na mdogo wake Asukile walikuwa wanatengeneza programu ya kuwasomea masomo watoto wasioona. Kwa majaribio walimrekodi Bupe akisema "Mama". Kila jaribio, programu ilifungua faili lile, ikalicheza, isilifunge; kasoro ilikuwa kwenye maktaba ya sauti, programu saidizi waliyoitumia. Tangu Ijumaa waliiacha ijijaribu yenyewe. Sasa kioo cha kompyuta kilionyesha mafaili mia tisa yaliyo wazi, yote sauti ya Bupe.

Asukile alimfunika mtoto kwa sweta lake, akampigia simu Mbuke, mganga mfugaji wa Usangu. Mama huyo alifika mchana, akatega sikio kwenye spika zilizozimwa. Ndani kitu kilipumua.

"Mwanangu, umeiita sauti yake mara mia tisa, hujairuhusu kurudi hata mara moja," alimnong'oneza Lusia. "Zizi likiachwa wazi fisi anaingia. Jini amekaa hapo langoni, ameishikilia sauti."

"Nifanyeje, mama?"

"Funga. Moja moja, kama ng'ombe wanavyopita langoni. Ukiwaswaga wote pamoja watamkanyaga mtoto."

Lusia akafunga la kwanza. Bupe akakohoa, "Ma." Akafunga la pili, la kumi, la thelathini, na kila alipofunga spika zilikoroma kwa hasira na harufu ile ikazidi kuwakaba, na mtoto akawa anajipinda mapajani mwa Mbuke, midomo imebadilika rangi, machozi yanamtiririka bila kilio, na bado yalibaki mafaili zaidi ya mia nane.

"Dada, nisamehe," Asukile alisema huku analia. "Siwezi kumwangalia akiteseka hivi."

"Usiguse!" Mbuke alifoka.

Lakini Asukile alishaizima programu. Mafaili yote yakafungwa kwa mkupuo.

Kimya. Harufu ikakata. Bupe akavuta pumzi, akatabasamu.

"Mama," alisema.

Lusia akamkumbatia akilia kwa furaha.

"Mama. Mama. MamaMamaMama," ziliendelea kumtoka, mamia ya sauti zikisukumana kwenye koo lile dogo, hazimpi nafasi ya kuvuta pumzi, na macho ya mtoto yakimsihi mama yake azizuie.