Sanamu za Alhamisi

Fundi wa kola alikuwa mwepesi wa mikono na mwepesi wa mdomo. Kiwandani alikaa mwisho wa mstari wa cherehani. Nyuma yake zilipangwa sanamu za kuvalishwa mashati mapya. Zilikuwa na vichwa laini, bila macho wala mdomo. Wenzake hawakutaka kukaa hapo. Yeye alisema majirani zake angalau hawasengenyi watu.

Kisha, Alhamisi moja, sanamu zikaanza kupumua.

Ilikuwa mchana kweupe, muda mfupi kabla ya kwenda kula. Kelele za cherehani zilianza kwenda mbali, ingawa hakuna aliyezima mashine. Jasho la baridi likamtoka shingoni. Mikono ikatetemeka, moyo ukaenda mbio. Alipogeuka, vifua vya sanamu vilikuwa vinapanda na kushuka, vyote kwa pamoja, taratibu. Akataka kumwita wifi yake, aliyekuwa akipiga pasi upande wa pili. Jina la wifi halikuja. Alilitafuta kichwani akakuta patupu.

Wifi ndiye aliyemwona amekodoa macho. Alimkalisha, akamnywesha soda ili apate nguvu. Punde kelele za mashine zikarudi, na sanamu zikawa sanamu.

Alhamisi iliyofuata zilipumua tena, na ile nyingine pia. Siku nyingine zilikaa kimya.

Wifi, dada wa mumewe, alikuwa mtu wa utani asubuhi hadi jioni. Safari hii hakutania. Alimvuta pembeni.

"Alhamisi anakuja nani hapa?" alimuuliza. "Si yule mtu wa kutoboa vidole? Anachukua damu yako, halafu unapotea. Hebu jiulize mwenyewe."

Mtu huyo alikuwa mfamasia. Kampuni ilikuwa imeanzisha mpango wa kuwasaidia wafanyakazi wenye kisukari. Dawa na vipimo vililipiwa na kampuni. Kila Alhamisi mfamasia aliwaona mmoja mmoja, fundi wa kola akiwemo, katika chumba kidogo karibu na stoo. Alipima sukari, akawaeleza juu ya dawa na chakula. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, na upole huo sasa ulimtisha fundi wa kola. Mbona alikuwa akiitazama damu yake kwa muda mrefu vile?

Lakini kulikuwa na jambo ambalo fundi wa kola hakumwambia mtu. Aliamini kwamba sukari ikionekana juu, bosi atamfukuza. Kwa hiyo kila Jumatano jioni alikataa chakula. Alhamisi alfajiri alimeza vidonge viwili vya kisukari badala ya kimoja, kwa maji matupu, mumewe akiwa bado amelala. Hapo namba ilitoka nzuri. Mfamasia aliitazama, akauliza anakula nini. Naye alidanganya bila kupepesa macho.

Alhamisi ya nne aliamua hatamwona mtu yule. Vidonge alikuwa ameshavimeza. Jina lake lilipoitwa, alijificha nyuma ya sanamu, akachuchumaa. Nguo zikamgusa mashavuni. Kifua kimoja kikapanda, kikashuka. Kisha sanamu moja ikainama polepole, ikausogeza uso wake mtupu karibu na uso wa fundi wa kola, kama inayotaka kuuazima.

Alipiga kelele, lakini hakuna sauti iliyotoka. Akaanguka.

"Unanisikia, dada? Unaweza kumeza?"

Alikuwa ni mfamasia, amepiga magoti mbele yake. Fundi wa kola aliitikia kwa kichwa. Mfamasia akampima haraka, akampa maji yaliyokorogwa sukari nyingi, akasubiri, akampima tena. Wifi alisimama juu yao na pasi mkononi, tayari kwa vita.

"Wewe ndiye unayemfanyia hivi," wifi alisema.

"Hapana, wifi," fundi wa kola alinong'ona. Akili ilikuwa inamrudia. "Leo hakunigusa kabla. Na sanamu zimepumua vilevile."

Mfamasia akamuuliza amekula nini na amemeza vidonge vingapi.  Fundi wa kola akatokwa na machozi, akasema yote. Wifi akaketi sakafuni.

"Ubongo unaishi kwa sukari," mfamasia alisema. "Umemeza dawa kupita kiasi bila kula, ukaunyima. Ndiyo maana unatetemeka, unatoka jasho, unasahau majina, unaona yasiyokuwepo. Ikishuka zaidi, mtu anazimia, na anaweza kufa."

"Si mnasema sukari ndiyo mbaya?"

"Ikipanda inadhuru polepole. Ikishuka sana inadhuru saa hiyohiyo."

"Na namba ikiwa mbaya? Bosi si atanifukuza?"

"Namba yako naijua mimi, wewe na daktari wako. Bosi haoni. Mimi sikuja kukutahini, dada. Ukinipa namba ya uongo, namshauri mtu ambaye hayupo."

Maneno hayo yalimtisha kuliko sanamu zote.

Mfamasia alimpeleka hospitali ili aangaliwe, kwa sababu dawa ile hukaa mwilini na sukari ingeweza kushuka tena. Kabla ya kuondoka alimfundisha wifi. Mtu akianza kutetemeka na kuchanganyikiwa, apewe kitu chenye sukari iwapo anaweza kumeza, kisha ale. Akiwa amezimia, asitiwe chochote mdomoni. Alazwe ubavu, akimbizwe hospitali.

Mumewe alifika hospitali na vumbi la saruji miguuni. Aliketi kando ya kitanda.

"Kila Jumatano ulikataa kula na mimi," alisema. "Nilidhani umenichoka."

Alhamisi iliyofuata fundi wa kola alikula pamoja na mumewe, akameza dawa kama alivyoelekezwa. Namba ilitoka juu. Aliona aibu, akainamisha kichwa. Mfamasia alimwambia asione haya, maana sasa wanaweza kuanza kazi. Aliongea na daktari, dawa ikabadilishwa. Wakapanga pia chakula chake, mboga nyingi na wanga kidogo, na kutembea kila jioni. Miezi ilivyopita namba ilishuka bila ujanja wowote, na kiu iliyokuwa ikimsumbua ikaisha.

Siku moja alimpelekea kola mama wa vifungo, mcheshi wa mstari wa tatu, ambaye naye alikuwa kwenye mpango wa kisukari. Alimkuta ameganda, jasho likimtiririka, sindano hewani.

"Shoga," mama wa vifungo alisema kwa sauti ndogo, bila kuinua kichwa. "Hivi vifungo vinaniangalia."

Waliokaa jirani wakaanza kucheka. Fundi wa kola hakucheka. Alichukua sindano kutoka vidole vile vya baridi, akamwita wifi alete maji na sukari, akapiga magoti mbele ya mwenzake.

"Najua," alisema. "Kunywa kwanza. Halafu niambie leo umemeza vingapi."