Sultani wa Shoto

Jambo lenyewe lilianza na kijiko. Govert mchoraji alikaa mezani, nyumbani kwake katika mji wa Leiden, mfereji wa mbele ya nyumba umeganda barafu, akachota supu ya njegere kwa mkono wa kushoto. Mkewe Geesje akamtazama.

"Mkono umekufanya nini?"

"Mkono gani?" Akaendelea kunywa.

Ndiyo kwanza wametoka kumzika mama yake Govert, Aleida. Na mama huyo alikuwa na ulimi. Tangu harusi hakumwita Geesje kwa jina. Alimwita binti muuza samaki, wageni wasikie, majirani wasikie, huku anatafuna karafuu zake za jino bovu. Kila akisema hivyo Govert alipiga ngumi mezani: "Mama, ana jina." Geesje aliyameza yote kwa ajili ya ngumi hiyo. Hakuwa na mtetezi mwingine nyumba ile.

Ugomvi wa mwisho ulikuwa wa joho. Aleida alikuwa na joho la manyoya, hamgusishi mtu, hata alipolala mgonjwa alijifunika nalo. Govert naye alikuwa darini anajitazama kwenye kioo na kujichora juu ya ubao, kajifanya sultani wa mashariki: kilemba cha pazia, unyoya wa jogoo, fimbo mkononi. Na kwa vile alijichora kama kioo kinavyomwonyesha, yule sultani akatoka mtu wa shoto, na kidoto cha Govert, alama nyeusi ya shavu la kulia, kikahamia la kushoto. Kilichopungua ni joho tu. Akashuka akamvua mama yake, taratibu.

"Naazima, Mama. Nitalirudisha."

"Usijisumbue. Nitalifuata," mama akasema.

Hakusema tena. Alikata roho mwanawe yuko juu anapaka rangi manyoya.

Sasa kwao, mtu akifa, vioo na picha zote za nyumba hugeuzwa uso ukutani, marehemu asipate pa kuingilia. Geesje alizunguka kugeuza. Alipofika darini Govert akamzuia mlangoni.

"Hiyo iache. Mbichi, itanata ukutani. Isiyokauka si picha bado."

Ikaachwa inatazama chumba.

Basi baada ya kijiko ikaja harufu. Geesje akitandika kitanda, karafuu. Akikata mkate, karafuu, na hakuna aliyenunua karafuu. Kisha kikohozi, kile cha Aleida cha kukwaruza halafu kimya, kinatoka kifuani mwa Govert. Joho halivui, analala nalo, na akiambiwa alivue anamkazia mkewe macho kama mtu anayepima samaki kama ameoza. Na huko darini, mchana kweupe, Govert yupo hapa chini anaota moto, kunasikika kitu kama ukucha unapita juu ya ubao, unapita, unasimama, unapita.

Machteld, dadake Govert, akaja.

"Wifi, sikuja kulia, nililia juzi. Nimekuja kuchukua joho. Mama aliniahidi mimi."

"Kalichukue mwenyewe mgongoni mwa kakako." Geesje akamvutia jikoni, akamsimulia yote kwa kunong'ona.

Machteld akakaa chini. "Picha mligeuza zote?"

"Zote. Isipokuwa ile ya juu. Kakako kasema haijakauka, si picha."

"Ina macho?"

"Ina macho."

"Basi ni picha, wifi. Mama kaingia mle, ndiye anayemtafuna mwenzio. Nenda kaigeuze. Usiitazame, usiisikilize. Mimi nitamshika kwa maneno hapa."

Geesje akapanda. Akajitahidi asitazame, lakini ubao ni mkubwa na dari ni dogo, akaona tu, akaona rangi bado inang'aa mbichi, na michirizi miwili imeshuka kutoka machoni mpaka kwenye ndevu, na mdomo ambao Govert aliuchora umefungwa sasa uko wazi, unahangaika kama wa samaki aliyetupwa juu ya barafu, na fimbo imehamia mkono wa kulia, na kidoto nacho kiko shavu la kulia, akafumba macho, akaunyanyua ubao kwa pumzi zote, akaubandika uso ukutani na kuukandamiza kwa bega mpaka akasikia rangi inashika chokaa.

Kimya. Harufu ikakatika. Akalia kwa raha.

Alipogeuka, Govert alikuwa mlangoni na joho lake. Anatabasamu. Kashika fremu ya mlango kwa mkono wa kushoto, na kidoto kiko shavu la kushoto.

Hapo ndipo Geesje alipokumbuka alichokiona ubaoni.

"Govert?"

Yule mtu akakohoa, akatia kitu kidogo cheusi mdomoni, akakitafuna taratibu.

"Ahsante," akasema. "Umenifanyia kazi nzuri, binti muuza samaki."

Akashuka zake ngazi. Chini Geesje alimsikia Machteld akisema, "Kaka, hilo joho," kisha hakumsikia tena.

Akaukimbilia ubao, akauvuta. Haukubanduka. Akavuta kwa nguvu, pembeni pakachanika kidogo, ngozi ya rangi ikabaki ukutani, na nyuma ya ubao mtu akagugumia kwa maumivu. Akauachia haraka.

Akakaa sakafuni, kaegemeza sikio kwenye mbao. Ukucha ukapita, ukasimama. Halafu ngumi ikapiga ukuta mara moja, vile vile alivyozoea kuisikia mezani.