Ufunguo wa Barabara Anao Nani?

Sogeeni karibu, watoto. Ketini vizuri. Na wewe, acha kumvuta mwenzako shati!

Palikuwa na mtoto, jina lake Sikudhani. Alikaa Mtaa wa Kisamvu, katikati ya mji.

Jamani, barabara ya Kisamvu! Mashimo huku, takataka kule, na pikipiki zinapita mbio. Vruum! Pii, pii!

Ng'ambo ya barabara alikaa rafiki yake, Hidaya. Sikudhani alimpungia mkono. Hidaya naye akapunga. Lakini kuvuka? Thubutu!

"Utagongwa," Mama alisema. Kila siku alisema hivyohivyo.

Asubuhi moja, mafundi wakaweka kibao barabarani. Mama akakisoma: "Barabara imefungwa."

Imefungwa? Sikudhani akatafuta kufuli. Akainama, akachungulia nyuma ya kibao. Hakuna kufuli!

Akakuna kichwa, kwaru kwaru. "Mbona sielewi?"

Mbele ya mlango wao, fundi mmoja mzee alikuwa anachanganya zege.

"Shikamoo, babu fundi. Ufunguo wa barabara anao nani?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Hii haina ufunguo," fundi akasema. "Tunaifunga kwa mawe." Akaangusha jiwe kubwa. Tii!

Sikudhani akakuna kichwa, kwaru kwaru. "Mbona sielewi?"

Akarudi ndani. "Mama, barabara itafunguliwa lini?"

"Haifunguliwi tena, mwanangu. Imefungwa moja kwa moja."

Maskini Sikudhani! Akajifunika mto, akalia kwi, kwi, kwi. Alijua hatafika kwa Hidaya maisha yake yote.

Mama hakumsikia. Nje kulikuwa na kelele tupu. Kong'o, kong'o, kong'o!

Mafundi wakafukia mashimo. Majirani wakazoa takataka. Wakapanda miti, wakaweka mabenchi, wakapaka kuta rangi.

Siku ya Jumamosi, mwenyekiti wa mtaa akapanda juu ya benchi. "Ndugu zangu," akasema, "leo tunafungua barabara yetu!"

Kina mama wakapiga vigelegele. Lilililili!

Tunafungua? Si walisema imefungwa? Na yale mawe yapo palepale!

Sikudhani akakuna kichwa, kwaru kwaru kwaru. "Mbona sielewi?"

Akamvuta Mama kanga. "Mama, imefungwa au imefunguliwa?"

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Yote mawili! Magari yamefungiwa. Pikipiki zimefungiwa. Watu ndio tumefunguliwa."

"Na mimi?"

"Wewe si mtu?"

Sikudhani akatazama barabara. Mtoto mchanga alikuwa anatambaa katikati ya njia. Bibi mmoja alikuwa amekaa palepale, anasuka ukili.

"Kwa hiyo niende kwa Hidaya? Peke yangu?"

"Nenda, mama. Nenda."

Sikudhani akatoka mbio. Tup, tup, tup! Kumbe Hidaya naye anakuja mbio!

Kweli, siku hiyo Sikudhani aligongwa. Aligongwa na Hidaya! Puu! Wakaanguka katikati ya barabara, wakacheka hadi machozi.

Wakacheza mdako. Wakaruka kamba. Wakala wali kwa kina Sikudhani, na Hidaya akasinzia mkekani na tonge mkononi.

Mama akambeba mgongoni. Sikudhani akabeba ndala za rafiki yake.

Wakavuka barabara polepole, polepole, wasimwamshe. Hawakutazama kulia. Hawakutazama kushoto.