Nyanya Zilizonyweshwa Kupita Kiasi

Fundi cherehani alipofungua mlango wa uani asubuhi ile, damu ilimchemka. Ndoo zake tisa za miche ya nyanya zilikuwa pale pale kando ya ukuta, lakini majani yamegeuka manjano. Mengine yamelala kabisa.

"Mama!" aliita. "Njoo uone ulichonifanyia!"

Mama mkwe wake alitoka jikoni, mikono inachuruzika maji. "Nimefanya nini tena?"

"Maji ya kuoshea vyombo unayamwaga humu! Ona!"

"Mimi? Mimi ninayezinywesha maji safi kila jioni, wewe umeinamia cherehani yako?"

Fundi hakusikia hata neno moja. Hasira ilimziba masikio. "Usiziguse tena!"

Mama mkwe akaingia chumbani, akaubamiza mlango.

Siku tatu waliishi kama wapangaji wasiojuana. Mume wa fundi alijaribu kuwapatanisha, akafokewa na pande zote mbili, akaenda zake. Fundi sasa akawa anamwagilia mwenyewe asubuhi na jioni. Akaongeza na mbolea ya dukani. Majani yakazidi kuwa manjano. Maua yakaanguka.

Siku ya nne alifika bibi shamba, mtaalamu wa kilimo, kujaribu gauni lake. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Alipoziona ndoo, aliliacha gauni kwenye kiti, akaenda kutia kidole kwenye udongo. Kilitoka na tope.

"Nani anamwagilia hizi?"

"Mimi. Asubuhi na jioni."

"Na kabla ya hapo?"

Sauti ikatoka chumbani. "Yeye asubuhi, mimi jioni! Nilimwambia, hakunisikia! Akasingizia sabuni ya vyombo, kisha akatia mbolea ya dukani!"

Bibi shamba akainamisha ndoo moja, akatazama chini yake. Uso ukamkunjamana. "Hata tundu moja hamna! Mnazizamisha!"

Aliung'oa mche. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, inanuka.

"Mizizi nayo inataka hewa," alisema. "Maji yakituama, inaoza. Ikioza, majani hayapati chakula, yanageuka manjano. Sabuni unaisingizia. Na kwa hiyo mbolea umeiunguza mizizi iliyobaki."

"Mbona aliyeniuzia miche hakuniambia?" fundi alifoka.

"Ulimuuliza?"

Fundi akaenda kutafuta msumari.

Kazi ikaanza. Fundi na bibi shamba walitoboa matundu chini ya kila ndoo kwa msumari wa moto. Walikata mizizi iliyooza, wakaibakiza ile myeupe na migumu. Tope lote likamwagwa. Wakapanda upya kwenye udongo mkavu uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza vizuri.

"Jani la manjano halirudi kuwa kijani," bibi shamba alionya. "Angalieni majani mapya. Kabla ya kumwagilia, tia kidole mpaka kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, acha. Siku nyingine udongo ukiwa sawa na majani ya chini yakawa manjano, mmea una njaa, upe samadi. Na geuza majani utazame chini yake, wadudu hujificha huko."

Alipoondoka, fundi alisimama mbele ya mlango wa chumbani. Hasira bado ilikuwepo, ila sasa alijikasirikia mwenyewe.

"Mama, nilikukosea. Nisamehe."

Mlango ukafunguka.

"Umenikosea sana," mama mkwe alisema. "Siku tatu, mwanangu! Hata salamu!"

"Ni kweli, mama."

"Haya. Mmoja tu amwagilie. Mimi."

Fundi alitaka kubisha, lakini akamkabidhi kopo la kumwagilia.

Miche mitatu ilikufa. Sita ikapona. Baada ya wiki mbili, vichipukizi vya kijani kibichi vilitokeza juu. Maua yakarudi, safari hii yakashika. Siku ya kuchuma, mama mkwe alijaza bakuli nyanya nyekundu, akaliweka juu ya meza ya cherehani, katikati ya vitambaa.

"Kula," alisema, "halafu nitobolee ndoo nyingine tatu, tuongeze miche."